Milima ya Chuma

Katika miaka ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester kiliunda injini za mvuke 34 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Zilikuwa kubwa kupita injini zote za mvuke zilizopata kwenda juu ya reli ya upana wa mita moja. Uzito wa kila moja ulikuwa kiasi cha tani 250. Zilipewa majina ya milima, na miongoni mwake zilikuwamo Mbeya, Rungwe na Mtorwi.

Hivyo Nyanda za Juu za Kusini zilipewa heshima ya jina zikanyimwa sauti ya injini. Milima hiyo ya chuma ilifanya kazi yake kubwa baina ya Mombasa na Nairobi, na abiria wa Iringa na Mbeya wakasafiri kwa mabasi ya shirika la reli kutoka Dodoma. Njia ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ilifika Mbeya na injini za dizeli kutoka China. Enzi ya mvuke ilikuwa imekwisha kupita kando.

Katika zile 34 zimesalia mbili tu, Gelai na Shengena, nazo zimo katika makumbusho ya reli ya Nairobi yaliyoanzishwa mwaka 1971. Rungwe ya chuma ilikatwa vipande. Ya mawe, shukrani kwa Mungu, haina mnunuzi wa chuma chakavu.

Kuiweka injini chini ya paa si kuihifadhi. Boila hutaka kupimwa, mabomba yake kusafishwa, na moto kuwashwa polepole kwa saa nyingi ili chuma kitanuke bila kupasuka. Maarifa hayo hukaa mikononi na masikioni mwa fundi, wala hayaingii katika kabati la kioo. Watu wa Wales walilijua hili mwaka 1951, walipoichukua reli ndogo ya Talyllyn iliyokaribia kufa wakaiendesha kwa kujitolea, mwalimu na karani wakijifunza kutia mafuta na kuchochea makaa. Ni ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo, na hata leo inakwenda.

Iringa imekwisha kuonyesha kwamba jengo la enzi ya Wajerumani laweza kupewa maisha ya pili: makumbusho ya Boma yalifunguliwa humo mwaka 2016. Mtambo ni mgumu zaidi, kwa maana hudai kutumikiwa. Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA, na kila injini mpya ifikapo, ya zamani husogezwa karibu na msumeno. Paa moja Mbeya, injini moja ya dizeli ya miaka ile, mafundi wachache waliostaafu na wanafunzi wa ufundi siku za Jumamosi: hayo yangetosha kuanzia. Vijana walioingia karakana mwaka 1976 wakiwa na miaka ishirini, sasa wanafikia sabini.