Kuzikwa na Majirani

Kabla kaburi halijachimbwa, kabla hata ya kukubaliana kitakachopikwa, msiba wa Kikristo katika vijiji vyetu vya mlimani hupitia kwa mzee wa kanisa. Anakuja na daftari. Anatoa pole, anakaa, anaulizia saa marehemu alipokata roho, kisha anauliza lile ambalo kila aliye sebuleni alikuwa akilingoja: marehemu alikuwa anashiriki meza ya Bwana, au alikuwa ametengwa? Na kama alitengwa, je, alirudi kundini? Jibu ndilo linaloamua kama kengele itagongwa, kama mwili utaingia kanisani, kama mchungaji atavaa joho au hatatokea kabisa.

Mama mdogo wangu hakuwa amerudi kundini. Aliishi na mwanamume bila ndoa yao kubarikiwa, kwa sababu ambazo ukoo mzima unazijua na haina haja kuzirudia, na mwanamume huyo alipofariki yeye akabaki vilevile, ametengwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Kurudi kulimaanisha kusimama mbele ya usharika siku ya Jumapili, jina lisomwe, kosa litajwe. Alikuwa mtu wa haya. Akaendelea kukaa benchi la nyuma na kutoka taratibu pale wenzake walipopanga mstari kwenda mezani. Bahasha yake ya ahadi, hata hivyo, haikukosa. Baada ya mazishi tulipofungua sanduku lake tuliikuta kadi, imegongwa muhuri mwezi kwa mwezi hadi ule aliolazwa. Mweka hazina hakuwahi kumrudishia hata senti.

Mjomba alikwenda mwenyewe kwa mzee wa kanisa.

"Kaka, utaratibu unaujua," akaambiwa, kwa upole kabisa.

"Naujua. Sikuja kuomba utaratibu. Nimekuja kuomba mtu wa kusali."

Hakupewa. Lakini jioni ile ile mzee huyo huyo alileta turubai na viti kutoka kwake, akakesha nasi kwenye moto hadi asubuhi. Wanakwaya walikuja wote, majoho wameyaacha nyumbani. Akina mama wa umoja walikuja bila sare, kila mmoja na kanga yake, wakamenya ndizi na kuosha masufuria mpaka mikono ikakunjamana. Mchungaji alituma rambirambi katika bahasha isiyoandikwa jina. Ukiwahesabu mmoja mmoja, usharika mzima ulikuwepo pale mgombani. Wote walikuja kama majirani. Kanisa peke yake ndilo halikuja. Sala iliongozwa na mwalimu mstaafu, ambaye kwa kuwa hakuwa na kitabu cha ibada mkononi aliomba kama anavyoomba siku zote, akaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, na kwa mazoea akaomba na mvua. Tukaitikia amina.

Nimemtazama mama yangu tangu wakati huo, na ninachotaka kusema kinatoka kwake zaidi kuliko vitabuni. Kufiwa kuna maswali yake. Mtu hujiuliza kwa nini ugonjwa haukujulikana mapema, kwa nini hakupiga simu siku ile, nani sasa atamwita kwa lile jina la utotoni. Ni maswali machungu, lakini kadiri siku zinavyokwenda humrudisha mtu kwa marehemu wake, akamkumbuka, akacheka hata kidogo, akalia vizuri. Mama hakuyafikia. Yeye aliuliza swali moja tu: yuko wapi? Alinyimwa huzuni akapewa hofu. Kila "pole" aliyopewa aliipima, asikie kama ndani yake kuna neno jingine limefichwa. Wanaosema hukumu ya kaburini ni ya kumwonya mwenye dhambi wangemtazama huyu dada mtu, aliyekuwa na haki zote za meza ya Bwana na asiyeweza kumlilia mdogo wake. Marehemu haisikii hukumu hiyo. Inawaangukia waliobaki.

Wazee wetu hawakuibuni desturi hii kwa ukatili. Ina mzizi katika Maandiko, na mahali panapotajwa mara nyingi ni Mathayo 18: umwonye ndugu faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa, na asiposikia awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. (Mapokeo yanasema aliyeiandika Injili hiyo alikuwa mtoza ushuru mwenyewe, na tunajua Yesu alifanya nini na watoza ushuru: alikula nao.) Ajabu ni kwamba sura hiyo haiishii hapo. Mara moja Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye anajibiwa kwa hadithi ya mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikadiriwa kuwa ujira wa kibarua wa siku 6,000 hivi, kwa hiyo deni lile lilikuwa kazi ya siku milioni 60, yaani halilipiki na ukoo wake wote. Akasamehewa, akatoka nje, akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Utaratibu wa kutenga na hadithi ya mkaba koo vimeandikwa ukurasa mmoja. Tumeujengea ule wa kwanza kamati.

Paulo naye yuko hivyo. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho anaagiza mtu aliyeishi na mke wa baba yake aondolewe kati yao, kwa maneno makali. Katika waraka wa pili anazungumza juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, na sasa anasihi wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Wafasiri wa zamani wengi walimwona ni mtu yule yule. Wa siku hizi wanabishana. Mimi naona hata kama ni wawili, ushauri ni mmoja, na kwamba Paulo aliiogopa huzuni kuliko wazee wa usharika wetu walivyoiogopa.

Sitaki kuirahisisha nidhamu. Anayedhani msamaha ni kufuta kila kanuni hajawahi kuachwa na watoto wanne mume akahamia kwa mwanamke wa nyumba ya pili, na kuwaona wawili hao wamekaa benchi la mbele Jumapili inayofuata. Kuna watu kanisa lilipaswa kuwatenga likawaachia kwa sababu walikuwa na pesa za kuezeka paa. Ila kumtenga mtu, hata kwa wanaouamini utaratibu huo, kuna shabaha moja: arudi. Mtu akishakufa, kurudi kumekwisha. Kinachoendelea baada ya hapo hakina shabaha tena.

Na hili kanisa lililijua zamani sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru raia watoe sadaka kwa miungu ya Roma na kupewa hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hati hizo za mafunjo zimepatikana Misri. Wakristo wengi waliinama. Wengine walinunua hati tu bila kutoa sadaka. Mateso yalipopungua wakataka kurudi, na makanisa yakapasuka. Kule Roma Novatiano alisema mlango umefungwa. Huku Afrika ya Kaskazini, Kipriano wa Karthago na maaskofu wenzake mwaka 251 waliamua wapokewe baada ya toba. Ilipofika Nikea mwaka 325, kanuni ya 13 ya mtaguso ule ikaweka wazi: anayekaribia kufa asinyimwe meza ya Bwana, chakula cha mwisho cha safari, hata kama muda wake wa toba haujaisha. Akipona, arudi kumalizia.

Miongoni mwa waliopitisha kanuni hiyo walikuwepo watu kama Pafnutio wa Misri, ambaye wanahistoria wa kanisa wa kale wanasimulia kwamba alikuja mtagusoni akiwa na jicho moja, jingine likiwa limeng'olewa na watesi. Alikuwa na kila sababu ya kuwachukia waliokwepa mateso. Sisi, ambao hakuna aliyetugusa ukucha, tulishindwa kumpelekea mkate mama mdogo hospitalini, naye alilala pale majuma mengi, kila Jumapili wageni wakipishana mlangoni na machungwa na uji wa chupa.

Mama sasa ni mzee, na msimamo wake kanisani ni safi. Ahadi kalipa, meza hakosi. Mwaka jana alimwita mzee wa kanisa, safari hii yeye ndiye aliyeanza kuuliza maswali. Alitaka kujua kama kwake kengele itagongwa. Akaambiwa bila shaka, mama, hilo huna hata haja ya kuuliza. Basi akamtaka aandike katika daftari lake kwamba atazikwa mgombani, ubavuni kwa mdogo wake, na kwamba pameshapimwa: kati ya kaburi na kaburi hapatoshi mtu kusimama ila amekanyaga pembeni mwa yote mawili.

"Mchungaji ataniombea akiwa amesimama wapi?" akamuuliza.

Mzee akaandika.