Pima Nafasi ya Valvu, Mashine Idumu

Mimi ni fundi wa mashine ya kusaga hapa Ipole, wilaya ya Sikonge, mkoa wa Tabora. Ipole ni njia panda. Barabara moja inakwenda Mpanda. Nyingine inakwenda Rungwa na kuendelea hadi Mbeya. Kwa hiyo wageni wengi hupita hapa, na mafundi wa kupita ni wengi pia.

Leo nataka kuzungumza nawe juu ya kitu kidogo sana ndani ya injini. Kitu hicho hakina uzito wala rangi. Ni nafasi tu. Lakini nafasi hiyo ikipotea, kijiji kizima kinaweza kukosa unga.

Inaitwa nafasi ya valvu. Mafundi wengi huita kazi ya kuiweka sawa kurekebisha tapeti. Usiseme, "Hayo ni mambo ya mafundi, mimi hayanihusu." Kama kikundi chako kina mashine, mashine hiyo ni mali yako. Inafaa ujue fundi anafanya nini anapoifungua.

MZIGO WA MAMA

Wazee wetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Katika karne ya 19 misafara ilipita Tabora, ikienda Ujiji na Bagamoyo. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora. Kazi ya upagazi ikapungua, kisha ikaisha.

Lakini mama zetu bado hawajatua mzigo. Mashine ya kijiji ikiharibika, mama hujitwika debe la mahindi, karibu kilo 20. Mtoto yuko mgongoni. Anakwenda kijiji kingine kutafuta mashine. Asipoweza kwenda, anarudi kwenye kinu na mchi. Siku hiyo shamba halilimwi, na watoto wanakula usiku.

Mara nyingi chanzo cha taabu hii si uzee wa injini. Chanzo ni kutopima.

VALVU NI NINI?

Injini nyingi za dizeli za kusagia zina silinda moja. Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka. Juu ya silinda kuna milango miwili ya chuma. Milango hiyo ndiyo valvu. Mmoja huingiza hewa. Wa pili hutoa moshi.

Pistoni hufanya safari nne:

Safari ya kwanza, inashuka na kuvuta hewa.
Safari ya pili, inapanda na kuibana hewa hiyo hadi inakuwa ya moto sana. Hapo dizeli hurushwa ndani na kuwaka.
Safari ya tatu, moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hii ndiyo nguvu inayozungusha mkanda.
Safari ya nne, pistoni inapanda na kutoa moshi nje.

Kumbuka jambo moja. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Dizeli huwaka kwa sababu ya joto la hewa iliyobanwa. Hewa inapobanwa, valvu zote mbili lazima ziwe zimefungwa kabisa. Mlango mmoja ukibaki wazi hata kidogo, hewa inavuja, na dizeli haiwaki vizuri.

Nani anafungua valvu? Ni mkono mdogo wa chuma unaoitwa roka. Roka hufanya kazi kama ubao ambao watoto wawili hupandishana na kushushana. Fimbo ya chuma ikiinua upande mmoja, upande wa pili unashuka na kusukuma mguu wa valvu. Fimbo ikishuka, springi huirudisha valvu na kuifunga.

Kati ya ncha ya roka na ncha ya mguu wa valvu ndipo penye nafasi tunayoizungumzia.

KWA NINI IWEPO NAFASI?

Chuma kikipata joto hurefuka. Watu wa reli wanalijua jambo hili. Pale pau mbili za reli zinapounganishwa kwa nati, huachwa nafasi ndogo. Jua likiwa kali, chuma kinarefuka na kuijaza nafasi hiyo. Isingekuwepo, reli ingepinda.

Valvu ya moshi hupata joto kuliko jua lolote. Injini ikifanya kazi nzito, joto lake huzidi nyuzi 500. Mguu wake unarefuka. Kama hakuna nafasi, mguu unagusa roka kabla valvu haijakaa vizuri kwenye kiti chake. Mlango unabaki wazi kidogo. Moto wa silinda unapenya pale na kuula ukingo wa valvu.

Basi tuache nafasi kubwa sana? Hapana. Nafasi ikizidi, roka inagonga kama nyundo. Valvu inachelewa kufunguka na inawahi kufungwa. Hewa inayoingia inapungua. Nguvu ya injini inapungua, na moshi unaweza kuwa mweusi. Vyuma vinavyogongana navyo vinalika.

Wafugaji wa nyuki wa huku kwetu wataelewa upesi. Mwaka 1852 Mmarekani Lorenzo Langstroth alipata hataza ya mzinga wa fremu. Aliona kwamba nyuki huacha njia ya kupita yenye upana wa milimita 6 hadi 9 hivi. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hapo, nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikiwa kubwa, hujenga sega mahali pasipotakiwa. Injini ni hivyo hivyo. Inataka nafasi yake kamili.

UKIMYA SI UZIMA

Sasa nikueleze jambo nililoliona kwa macho yangu.

Katika kijiji kimoja mashine ilikuwa ikipiga kelele, ta-ta-ta-ta, juu ya kichwa cha injini. Akapita fundi mmoja. Hakuwa na kipimo wala kitabu. Alitumia sikio. Akakaza skrubu za roka mpaka mlio ukaisha. Injini ikanyamaza. Wanakikundi wakamsifu, wakamlipa, akaenda zake.

Wiki chache zikapita. Asubuhi injini ikawa ngumu kuwaka. Lakini hendeli ilikuwa nyepesi kuzungusha. Vijana wakafurahi. Walidhani injini imelainika. Kumbe hendeli ilikuwa nyepesi kwa sababu hewa haibanwi tena. Ilikuwa inavuja kwenye valvu ya moshi.

Siku moja injini ikagoma kabisa. Nikaitwa. Nilipofungua kichwa, nilikuta ukingo wa valvu ya moshi umelika upande mmoja, kama gunzi lililotafunwa na panya. Valvu ile haikufaa tena. Kiti chake nacho kilikuwa kimeharibika. Kikundi kilichanga fedha za vipuri, na wakati wote huo akina mama walitembea na madebe kichwani.

Nakuomba uweke jambo hili moyoni. Valvu yenye nafasi kubwa hupiga kelele, na kila mtu anasikia. Valvu isiyo na nafasi hunyamaza huku inaungua. Kwa hiyo usimsifu fundi kwa sababu mashine imenyamaza. Muulize, "Umepima kwa kipimo gani? Umepata namba ngapi?"

KUSOMA NAMBA

Hapa ndipo elimu yako ya kusoma inapofanya kazi. Kipimo cha valvu ni mabamba membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja. Mafundi hukiita fila. Kila bamba lina namba. Bamba lenye 0.40 lina unene wa milimita 0.40. Hiyo ni chini ya nusu ya milimita moja.

Nafasi inayotakiwa imeandikwa katika kitabu cha injini. Katika injini nyingine imeandikwa pia kwenye kibati kilichobandikwa. Injini hazifanani. Kwa mfano, injini ya Kichina ya aina ya S195, ambayo imeenea sana vijijini, hutaka milimita 0.35 kwa valvu ya hewa na 0.45 kwa valvu ya moshi, injini ikiwa baridi. Valvu ya moshi hupewa zaidi kwa sababu hupata joto zaidi. Lakini pikipiki ya Honda CG125 hutaka milimita 0.08 tu kwa kila valvu. Ukiweka namba ya injini moja kwenye nyingine, umeharibu.

Soma nukta kwa makini. 0.35 si sawa na 0.035. Tazama pia kama ni milimita au inchi. Inchi moja ni milimita 25.4.

Nimeona watu wakipima kwa wembe au kwa kipande cha msumeno wa chuma. Wembe una unene wa karibu milimita 0.10. Msumeno unazidi milimita 0.60. Kwa injini kama S195, wembe ni mwembamba mno, na msumeno ni mnene mno. Kikundi kinunue fila. Bei yake ni ndogo kuliko hasara ya valvu iliyoungua.

HATUA ZA KUFUATA

1. Zima injini na uiache ipoe kabisa. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya kazi. Funga dizeli. Ondoa mkanda. Watoto wakae mbali.

2. Futa vumbi la unga na pumba juu ya injini. Kisha fungua kifuniko cha roka. Uchafu usiingie ndani.

3. Hakikisha nati za kichwa cha injini zimekazwa kama kitabu kinavyosema. Ukizikaza baada ya kupima valvu, nafasi inabadilika.

4. Zungusha gurudumu zito kwa mkono, kwa upande ambao injini huzunguka. Tazama valvu ya hewa. Itashuka, yaani itafunguka. Kisha itapanda na kufungwa. Endelea polepole mpaka alama ya gurudumu ikutane na alama ya injini. Sasa pistoni iko juu kabisa, na valvu zote mbili zimefungwa.

5. Hakikisha. Shika roka zote mbili na uzitikise kidogo. Kwa kawaida zitacheza. Kama alama zimekutana lakini valvu moja inafungwa na nyingine inafunguka, hapo sipo. Zungusha gurudumu duru moja nzima mpaka alama zikutane tena.

6. Kama injini ina kishikio cha kulegeza mgandamizo wakati wa kuwasha, kisiwe kimeikandamiza valvu. Kikiwa kimeikandamiza, kipimo chako kitakuwa cha uongo.

7. Chagua bamba lenye namba ya kitabu. Lipitishe kati ya roka na mguu wa valvu. Liingie kwa kukwaruza kidogo, bila kulazimishwa. Likipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Likikataa, nafasi ni ndogo.

8. Kurekebisha, legeza nati kwa spana. Zungusha skrubu kwa bisibisi mpaka bamba lipite kwa kukwaruza. Kisha shikilia skrubu isizunguke, ukaze nati.

9. Pima tena. Usiruke hatua hii. Mara nyingi nati ikikazwa, skrubu husogea kidogo.

10. Zungusha gurudumu duru mbili nzima, upime valvu zote mbili mara ya mwisho. Funga kifuniko, rudisha mkanda, kisha washa.

Usishtuke ukisikia mlio mdogo mwepesi. Huo ni mlio wa nafasi. Ni salama.

WEKA DAFTARI

Nafasi haikai vile vile siku zote. Valvu ikizidi kuzama katika kiti chake, nafasi inapungua. Roka zikilika, nafasi inaongezeka. Kwa hiyo pima mara kwa mara. Kitabu kitakuambia ni baada ya saa ngapi za kazi.

Ni lazima basi ujue injini imefanya kazi saa ngapi. Andika kila siku katika daftari: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Tuseme injini inafanya kazi saa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 30 kwa wiki. Kama kitabu kinasema pima baada ya saa 250, basi upime kila baada ya wiki 8. Siku ya kupima, andika namba uliyoikuta na namba uliyoiweka.

Daftari hili lina faida nyingine. Namba zikionyesha kwamba nafasi ya valvu ya moshi inapungua upesi, utajua kiti chake kinalika. Utatafuta kipuri mapema, kabla mashine haijasimama wakati wa mavuno.

Ndugu msomaji, kama kikundi chenu kina mashine, fanyeni mambo matatu mwezi huu. Tafuteni kitabu cha injini yenu, mkihifadhi mahali pakavu. Nunueni fila. Chagueni watu wawili wanaojua kusoma, mmoja awe mwanamke, washike daftari na wasimame karibu fundi anapopima. Fundi mwenye kuijua kazi yake hatachukia. Atafurahi kuona kwamba wenye mashine nao wanazisoma namba.