Fimbo ya Kupimia Urefu

Nilipopangiwa Rungwe kuwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nilitokea wodini, na nilidhani kazi yangu itakuwa Makandana, kwenye vitanda vya hospitali. Haikuwa hivyo. Kazi ilikuwa mabondeni chini ya Tukuyu, kandokando ya mito ya Mbaka, Kiwira na Lufilyo.

Huko kulikuwa na ugonjwa wa usubi. Inzi wadogo weusi huzaliana penye maji yaendayo kasi, na wakimuuma mtu humwambukiza minyoo. Mnyoo mkubwa huweza kuishi mwilini miaka 15, na vitoto vyake hutambaa chini ya ngozi. Nimewaona wazee wenye miundi ya madoadoa meupe kama chui, na akina mama waliojikuna kwa gunzi la mahindi hadi damu. Ugonjwa huu hupofusha pia, lakini nilichokiona zaidi ni ngozi iliyoharibika na watu wasiolala.

Dawa ilikuwepo. Ivermectin hutolewa bure kwa ajili ya usubi tangu kampuni ya Merck ilipotoa ahadi hiyo mwaka 1987. Ila inaua vitoto, mnyoo mkubwa haiuui. Kwa hiyo lazima kijiji kizima kimeze kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hadi mkubwa afe kwa uzee wake. Hapo ndipo udaktari wangu ulipobadilika. Mgonjwa hunifuata mwenyewe. Mtu asiyeumwa ni mimi wa kumfuata.

Miaka ya mwanzo ya 2000 vijiji vilichagua wagawa dawa wao. Silaha yao ilikuwa daftari na fimbo yenye alama. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito. Aliyefika 159 na kuendelea humeza vidonge vinne.

Upande wa Masoko mzee mmoja alikataa. Mwaka uliotangulia jirani yake alimeza akavimba uso. Kosa lilikuwa letu: hatukuwaambia watu kwamba vitoto vinapokufa mwili huweza kuwasha na kuvimba siku chache. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nilibeba hadubini.

“Daktari, mwanangu, mimi siumwi,” alisema.

“Tata, naomba kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya ulezi.”

Alikubali. Nilikikata, nikakiweka kwenye tone la maji ya chumvi, tukasubiri tukizungumza habari za migomba. Kisha nikamwomba achungulie. Aliinama muda mrefu. Vitoto vya minyoo vilikuwa vinajinyonganyonga, vyembamba kama nyuzi.

“Hawa wanaishi kwangu?”

Akaita wajukuu mmoja mmoja waje waone. Siku ile nyumba nzima ilipimwa kwa fimbo ikameza. Aliponisindikiza barabarani aliniambia kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo,” yaani asante sana.

Dawa za UKIMWI zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, nasi tukiwa kwenye barabara kuu iendayo Kyela na mpaka wa Malawi, sikutafuta mbinu nyingine. Nilikwenda majumbani, nikakaa, nikaeleza.

Wewe daktari kijana uliyepangiwa wilaya, usianze na taarifa zilizo mezani. Omba daftari la mgawa dawa, tafuta majina ya waliokataa, uende kwao kabla mwezi haujaisha.