Kiharusi: Saa za Mwanzo Ughaibuni na Nyumbani

Hapa Uingereza, tangu mwaka 2009, matangazo ya serikali yamewafundisha watu dalili za kiharusi: uso kushuka upande mmoja, mkono kushindwa kuinuka, maneno kutotoka sawasawa. Ukiona hata moja, unapiga 999. Wahudumu wa gari la wagonjwa huijulisha hospitali mapema, na mgonjwa akifika hupimwa ubongo kwa CT-Scan bila kukawia.

Haraka hiyo ina sababu. Viharusi vingi hutokana na damu iliyoganda kuziba mshipa wa ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Vingine hutokana na mshipa kupasuka, na mgonjwa wa aina hiyo ukimpa dawa ileile unaweza kumuua. Kwa macho huwezi kuvitofautisha; ndiyo maana CT-Scan hutangulia.

Kwetu Tanzania, saa hizo mara nyingi huishia nyumbani. Mzee analazwa, anakandwa kwa mafuta, ananyweshwa uji au dawa ya presha ya jirani. Wengine wanasema amepigwa na upepo mbaya, aitwe mganga. Wanafanya hivyo kwa upendo, tena gari la wagonjwa si rahisi kulipata. Lakini miaka ya karibuni mashine za CT-Scan zimewekwa katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Kwa familia nyingi sasa, kinachobaki ni kuwahi.

Basi tuwaeleze walio nyumbani. Mgonjwa asipewe chakula, maji wala aspirini: koo likilegea, anachomeza huingia kwenye mapafu. Akisinzia au akitapika, alazwe kwa ubavu na nguo zilegezwe. Mtu aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu ndilo swali la kwanza la daktari. Dawa zake zote zibebwe. Dalili zikipotea zenyewe, bado aende hospitali siku hiyohiyo.

Nasi tulio mbali tuna wajibu, maana simu hutufikia mapema na mara nyingi nauli hutoka kwetu. Tuma nauli kwanza, kikao cha familia kitafuata. Wikiendi hii ukipiga simu nyumbani, uliza mambo mawili: hospitali gani ya karibu ina CT-Scan, na ni dereva gani atakayekubali kuamshwa saa nane usiku. Majibu hayo yaandikwe na kubandikwa ukutani, kila mtu ayaone.