Kesho Getini Utamchukua Nani?

Hapa Changamwe utasikia sana kwamba mafundi wana choyo: mtu anajua kazi, lakini hamwonyeshi mwenzake. Nimefanya kazi na mafundi hao, na sikubali kwamba ni choyo.

Katika bohari moja nilikoajiriwa zamani, vibarua walichaguliwa getini kila asubuhi. Palikuwa na mzee aliyeijua foklifti kwa mlio tu. Ikiharibika, huinama juu ya injini akawapa vijana mgongo, wasione mkono wake unapokwenda. Msimamizi akamwomba awafundishe wawili. Mzee akauliza: "Bosi, nikishawafundisha, kesho getini utamchukua nani?" Hakujibiwa. Alikuwa akitoka Likoni, anapanda feri kabla ya alfajiri ili awahi geti, na ujuzi ule ndio mkataba pekee aliokuwa nao. Kumwita mchoyo ni kumdhulumu.

Huku huku Changamwe, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege, kipo chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba, kilichoanzishwa mwaka 1963. Ufundi wao wenyewe ni wa kupeana: Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi huo Ukambani, ukaenea hadi pwani. Mabandani watu wamekaa chini kwenye vumbi la mbao, tezo zinalia, huyu anachonga twiga, yule anapiga msasa. Kila kazi ina namba ya aliyeichonga, na ikiuzwa, pesa zinamfuata mwenyewe.

Nilimwona mchongaji mkongwe akiweka chini kiboko aliyekuwa akimchonga, akaenda kwa kijana aliyekuwa akichonga swala wa mwarobaini. Akamwonyesha ufa, mwembamba kama unywele, uliokwisha kuanza shingoni. Mti huu ukiwa mbichi usiuanike juani, akamwambia. Uweke kivulini, uufunike, ukauke pole pole. Kisha akaipokea tezo na kumwonyesha jinsi ya kufuata nyuzi za mti, mara ya kwanza, ya pili, mpaka mkono wa kijana ukashika. Nikamuuliza mzee kwa nini anamfundisha mtu anayechonga wanyama wale wale anaouza yeye.

"Mgeni akinunua swala huyu, akafika kwao akapasuka, hatakumbuka namba. Atasema kazi ya Changamwe mbovu. Na mimi niko Changamwe."

Wazee hawa wawili sioni tofauti yao ya tabia. Mmoja akifundisha anajenga soko lake, mwingine akifundisha anampisha mtu kwenye nafasi yake. Waajiri wetu hupenda kuitisha semina za ushirikiano kazini, na si vibaya. Lakini mzee wa foklifti angefundisha bila semina yoyote, laiti angeandikiwa mkataba hata wa mwaka mmoja, na akaongezwa kitu kwa kila kijana atakayeiva mikononi mwake.