Kabla Hujalishusha Tangi

Morogoro,
Jumapili usiku.

Mpwa wangu Idi,

Picha zako zimefika, nimezitazama mpaka macho yakaniuma. Nakuandikia kwa kalamu, na barua hii naipandisha basi la alfajiri pamoja na kifurushi, kwa sababu haya utayahitaji ukiwa umelala chini ya gari, mikono imelowa petroli, na hapo simu sitaki uwe nayo. Karatasi ikilowa hakuna hasara.

Umeniambia mambo mawili. La kwanza, tangi la pikapu ya marehemu baba yako linavuja, na kila asubuhi unakuta doa mchangani. La pili, umeshaongea na kijana anayechomelea mageti hapo mtaani, na amekubali kulichomelea Jumamosi ukishalishusha na kulimwaga. Ukamalizia: "Litakuwa tupu, mjomba, kwa hiyo hakuna hatari." Maneno hayo ndiyo yaliyoniondoa kitandani.

Tangi tupu ndilo la kuogopa, Idi. Petroli ya maji haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko huo una kiasi chake. Mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi haushiki moto, na ukizidi asilimia 7 na nusu haushiki pia, kwa sababu hewa imepungua. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa. Lakini lile ulilolimwaga jana, likabaki na vijiko viwili vitatu kwenye mikunjo, hewa ikaingia kwa tundu zote, hilo limejiandaa lenyewe. Wala petroli haisubiri joto: hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Huko kwenu Pangani, saa saba mchana, fikiria mwenyewe.

Mwaka 1994 nilikuwa msaidizi kwenye gereji moja Tanga mjini. Kulikuwa na tangi lililokaa juani nyuma ya ukuta zaidi ya mwezi mzima. Fundi wetu, mtu mwangalifu kwa mambo mengine yote, akalichungulia, akalinusa, akasema limekauka, akaanza kulichomelea. Mimi nilikuwa nimeenda hatua kama kumi kuchukua brashi ya waya. Nikasikia mgoto mmoja mzito, kama mtu aliyepiga pipa kwa nyundo ya mawe. Nilipogeuka, tangi lilikuwa limevimba kama mto wa kulalia, na mshono umefunguka upande mmoja tu, upande ule aliokuwa amepiga magoti. Hakufa, namshukuru Mungu. Jicho lake la kulia halikuona tena. Petroli ilikuwa imejificha ndani ya magamba ya kutu na nyuma ya kuta za ndani, zile zinazozuia mafuta yasiyumbe. Ilipopata joto la moto ikatoka kwa mara moja.

Kwa hiyo kijana wa mageti mwambie asante, umeghairi. Usimwonee haya. Geti ni geti. Wapo watakaokushauri uingize moshi wa ekzosi ndani ya tangi ili ufukuze hewa, halafu uchomelee. Wapo waliofanya hivyo wakapona. Mimi sikubali, kwa sababu huna kipimo cha kukuambia humo ndani kumebaki nini.

Kwanza zuia uvujaji, usisubiri Jumamosi. Chukua mche wa sabuni ya kufulia, mkavu, ukate kipande, ukisugue kwa nguvu penye tundu mpaka lijae. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Wanaocheka dawa hii hawajawahi kuharibikiwa usiku katikati ya pori la Mkata. Itashika siku kadhaa, ila mvua ikilowesha tangi kwa chini itatoka.

Sasa mahali pa kufanyia kazi. Uwanja wenu naujua: gari hulala karibu na ukuta, na ardhi inateremka taratibu mpaka chini ya mwembe, ambapo dada yangu ana jiko lake la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu. Unatambaa chini kama maji, unafuata mteremko, unatulia shimoni, unapita chini ya mlango. Hapa kwetu sina haja ya kumweleza mtu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia na madumu, na moto uliozuka ukaondoka na roho zaidi ya 100. Tulizika siku zilizofuata. Basi lisukumeni gari mpaka upande wa barabarani, penye upepo, bila kuliwasha. Mama yako apike mapema na azime mkaa kwa maji, siyo kwa kufukia majivu. Watoto wakae kwa jirani.

Fungua waya wa hasi wa betri kabla ya kitu kingine chochote, uufunge kitambaa usirudi kugusa. Fanya kazi kwa mwanga wa jua. Ile taa ya balbu ya kuning'iniza chini ya gari iache ndani. Ikidondoka ikapasuka, waya wake wa ndani unatosha. Gari likae juu ya stendi mbili au magogo mapana, na matairi ya mbele yawekewe mawe. Jeki ni ya kunyanyulia, haishikilii mtu aliyelala chini.

Kumwaga: tangi hilo lina nati ya kumwagia chini kabisa. Weka dumu chini ardhini, usiliache juu ya bodi ya pikapu, kwa sababu petroli ikitiririka hujenga umeme tuli, na kwenye dumu la plastiki lililoinuliwa hauna njia ya kutokea. Nati ikikataa, tumia mpira, lakini usinyonye kwa mdomo. Sote tulikuwa tukinyonya, na tulijiona mafundi. Kiasi cha kijiko kikipotea njia kikaingia mapafuni kinaweza kukulaza hospitali wiki nzima, au kukumaliza. Na mtu akiimeza, msimtapishe wala msimpe maziwa, mpelekeni kwa daktari. Mafuta utakayoyatoa yaache yatulie. Maji hukaa chini, petroli juu, na utaona mwenyewe maji mangapi baba yako alikuwa akitembea nayo.

Kushusha ndiko kazi inakotaka subira. Hiyo ni Hilux ya kabureta, pampu ya mafuta iko kwenye injini, kwa hiyo ndani ya tangi hakuna pampu, kuna floti ya geji tu. Siku mbili kabla, pulizia boliti za tangi mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi na jioni. Boliti iliyokataa usiilazimishe: kaza kidogo kwanza, isikie ikilia, ndipo ufungue, na ikigoma irudishe, uilishe mafuta tena. Mipira iko minne: wa kujazia, wa pumzi, wa kwenda kwenye injini na wa kurudi. Iandikie alama kwa rangi ya kucha ya dada yako, mstari mmoja kwenye mpira na mwingine kwenye bomba lake, kabla hujalegeza klipu hata moja. Mpira ulioganda usiuvute, uzungushe. Ukipasuka usihuzunike, nimekuwekea mita mbili za mpya humo kwenye kifurushi, mpira wa petroli hasa, siyo wa maji.

Tangi la lita 65 likiwa na robo tu ya mafuta linakuzidi uzito ukiwa umelala chali. Liwekee ubao na jeki chini yake, boliti ya mwisho itoke wakati jeki imeshabeba. Lishushe sentimita kumi, simama, ingiza mkono juu yake, chomoa waya wa geji, ndipo uendelee. Wengi hukata waya huo kwa haraka. Boliti zikigoma kabisa kuna njia nyingine: fungua zile za bodi, uwaite vijana wanne, mnyanyue bodi yote pembeni, na tangi utalikuta limelala mbele yako mchana kweupe. Inachosha mara moja, lakini hakuna mtu anayelala chini ya kitu.

Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, litikise, limwage. Mara tatu. Kisha lijaze maji mpaka yafurike, ndiyo yanayoufukuza mvuke. Maji hayo machafu yasiende mtaroni. Kisima chenu hakiko mbali, na petroli ikiingia majini watu watainywa.

Halafu kaa nalo kwenye kivuli ulisome. Ninavyoona kwenye picha, linavuja kwenye mshono wa chini, na hapo pana sababu mbili. Kwa nje ni tope la chumvi la barabara ya pwani, limejibana kati ya tangi na bamba la kinga, halikauki mwaka mzima. Kwa ndani ni maji: tangi likikaa nusu tupu usiku, hewa yenye unyevu huacha matone, matone hushuka chini kabisa na kutafuna. Kwangua rangi kwa brashi ya waya, kisha chukua bisibisi kongwe ubonyeze bati, mahali pote palipo na vipele. Usibembeleze. Likikatalia, bati lina uhai. Bisibisi ikizama, ikazama tena pembeni, basi tafuta tangi lililotumika, nitakuchangia; kutia kiraka bati lililooza ni kushona mkeka uliooza.

Kwa vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano nimekuwekea gundi ya chuma ya tyubu mbili. Piga msasa mpaka bati ling'ae upana wa viganja viwili, pangusa kwa kitambaa safi, changanya sawa kwa sawa, paka nyembamba, laza kipande cha kitambaa cha nyuzi za kioo, paka tena. Acha saa 24, hata kama ganda limekauka baada ya mbili. Kutu ya ndani utaiondoa kwa siki na kipande cha mnyororo: tumbukiza, tikisa, laza usiku kucha, suuza na maji yenye magadi, kausha siku hiyo hiyo kabla bati halijapata kutu upya. Mnyororo ni bora kuliko kokoto, kwa sababu una mwisho wa kushika.

Tundu likifika ukubwa wa punje ya choroko, linataka kulehemiwa kwa risasi na bati. Hilo usilifanye peke yako, nisubiri, nitakuja. Risasi ya kulehemia huyeyuka kwenye nyuzi 183 au zaidi kidogo, kwa hiyo chuma cha kulehemia hupashwa zaidi ya hapo, na mvuke wa petroli waweza kushika bila hata mwali, kwenye nyuzi 280 hivi. Ndiyo maana tangi hugeuzwa tundu likawa juu, likajazwa maji mpaka chini kidogo ya tundu, na jiko likabaki mbali kule ng'ambo ya ukuta.

Kulijaribu: ziba tundu zote, pakaza povu la sabuni kwenye kiraka, puliza kwa mpira kwa pumzi yako. Pumzi inatosha. Kompresa ya kujazia matairi hulivimbisha tangi. Unapofunga, angalia bomba la pumzi kwa makini. Gari hilo liliwahi kutuzimikia kila baada ya kilomita chache njia ya Muheza. Tukifungua kifuniko cha tangi linavuta hewa, "sss", halafu linakwenda tena. Tulibadilisha chujio, tukafungua kabureta, bure. Nyigu wa udongo alikuwa amejenga kwenye bomba la pumzi.

Mama yako mwambie nitampigia Jumatano. Mwambie pia kwamba hujakosea kutaka kulitengeneza mwenyewe. Mikono yako nimeiona tangu ukiwa mdogo.

Ukishalishusha, ligeuze. Upande wa juu, karibu na shingo ya kujazia, utakuta kiraka cha bati kilicholehemiwa, kikubwa kama kisahani cha kikombe cha kahawa. Baba yako alikiweka mwaka 2003, mimi nikimkimbizia chuma cha moto kutoka ng'ambo ya ukuta. Kingo zake alizipitisha kidole gumba, akazirudia, akazirudia tena, ndipo akakaa chini. Usikikwangue, wala usikipake gundi. Hakijavuja hata siku moja.

Ni mimi,
Mjomba wako.