Priorat: Divai kali itokayo mwambani

Msafiri aliyezoea kuifikiria Uhispania kuwa nchi ya fuo za bahari na kabumbu hushangaa afikapo Priorat. Eneo hili la milima limo jimboni Katalonia, bara ya mji wa Tarragona. Barabara itokayo Falset kwenda kijiji cha Gratallops hupindapinda juu ya magenge, na kando yake mizabibu imeng'ang'ania miteremko ambayo hata mbuzi angesita kuikwea.

Udongo wake, ikiwa unastahili kuitwa udongo, ni vipande vya mwamba mweusi unaometameta juani. Wenyeji huuita llicorella. Mvua ni haba, kwa hiyo mizizi hupenya katika nyufa za mwamba na kushuka chini sana kutafuta maji. Mzabibu mkongwe hutoa zabibu chache mno, na katika maganda ya hizo chache ndimo mlimo rangi na ukali wote wa divai ya huko. Penye mteremko mkali trekta halipiti. Mkulima huvuna kwa mkono, na wapo wanaolima kwa baghala, yule mnyama azaliwaye na punda na farasi.

Watawa Wakartusi ndio walioanzisha kilimo hiki walipojenga monasteri ya Scala Dei, yaani Ngazi ya Mungu, katika karne ya 12. Walifukuzwa mwaka wa 1835. Magofu yao yangalipo chini ya mlima Montsant. Kisha, mwishoni mwa karne ya 19, mdudu aitwaye filoksera aliishambulia mizizi na kuiangamiza mizabibu. Watu wakahama. Kufikia miaka ya 1980 vijiji vilikuwa vimebakiwa na wazee, na divai yao ikiuzwa kwa bei ya chini bila jina lolote la kujivunia.

Mwaka wa 1989 René Barbier, Álvaro Palacios na wenzao wachache walitengeneza divai yao ya kwanza pamoja huko Gratallops, na sifa zikaenea duniani. Leo Priorat na Rioja ndizo sehemu mbili pekee za Uhispania zenye daraja la juu kabisa la divai. Hata hivyo, kwa maoni yangu, wageni hao wamesifiwa kupita kiasi. Kama wale wazee wasingeendelea kupogoa mizabibu isiyowalipa, wangekuta nini cha kukamua?

Tuje kwenye bilauri. Divai hii hutengenezwa hasa kwa zabibu za Garnacha na Cariñena. Ni nyeusi kama zambarau iliyoiva, hunukia tini zilizokaushwa na majani ya porini, na kileo chake aghalabu ni asilimia 14 hadi 15, kwa hivyo si ya kugugumia. Ukiinywa tupu, ulimi hukakamaa kama uliyekula bibo bichi la mkorosho. Ukakasi huo hushikana na protini za mate na kuukausha mdomo. Ukila nyama yenye mafuta, ukakasi hushikana na protini za nyama badala yake, na divai iliyokuwa ikikufinya ulimi huwa laini.

Ndiyo maana Wakatalonia huinywa na kondoo aliyechomwa, au nguruwe mwitu aliyepikwa polepole. Mezani huwapo pia romesco, mchuzi mzito wa nyanya, pilipili kavu zisizowasha, lozi, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Msomaji asiyekunywa kileo asiupite mchuzi huo. Hufaa sana kwa samaki wa kuchoma.

Aipataye chupa hapa kwetu aijaribu na mbuzi choma, lakini pilipili kali aiweke mbali, kwani kileo huzidisha kuwasha. Samaki wa kupaka nao hawapatani nayo hata kidogo. Katika joto la Mombasa, iweke kwenye friji kama dakika 20, kisha imimine kwenye jagi saa moja kabla ya kula ipate hewa. Ikibaki, izibe na kuirudisha kwenye friji. Kesho yake jioni huenda ukaiona imepoa makali kuliko ilivyokuwa jana.